Kitambulisho cha Dani na pesa za corona: Nani alihesabiwa Suba na Kuria?

Kwenye kitambulisho cha Dani, mama mzazi wa mamangu, imeandikwa kwamba alizaliwa 1952. Cha mdogo wake, ambaye Dani alimbeba mgongoni akiwa mtoto mchanga, kinasema 1946. Ndio, umesoma sawa. Kwa hesabu ya serikali, mdogo alimzidi mkubwa miaka sita.

Kwetu kisiwani Mfangano hiyo ilikuwa stori ya kuchekesha wageni. Wazee wetu wengi hawakuzaliwa hospitalini na hawakuwahi kuona cheti cha kuzaliwa. Karani wa enzi hizo alikuwa anakutazama usoni, anakuuliza ulizaliwa kabla au baada ya njaa fulani, anakisia, anaandika, anaita mwingine. Dani alikuwa na uso wa ujana, akapewa 1952. Mdogo wake mvi zilikuwa zimemwahi, akapewa 1946. Wakacheka, wakarudi shambani.

Halafu ikaja corona, na kicheko kikageuka hesabu ya pesa. Dani Mdogo, ndivyo sisi wajukuu tulivyomwita, alikuwa kwenye orodha ya Inua Jamii, ile ruzuku ya Sh2,000 kwa mwezi ambayo wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kupokea 2018. Dani, kwa mujibu wa kadi yake, mwaka huo wa corona alikuwa na 68. Bado kijana.

Mimi nilikuwa na miaka 20, mwaka wa pili wa diploma huko Kisumu. Machi 13, 2020 mgonjwa wa kwanza nchini akatangazwa. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule na vyuo vifungwe. Nikabeba begi, nikapanda matatu hadi Homa Bay, nyingine hadi Mbita, halafu boti hadi Sena. Nilidhani naenda likizo fupi. Kusema ukweli, chuo sijarudi hadi leo. Karo iliyeyuka na biashara ya mamangu. Kwa hivyo haya ninayoandika si ya msomi wa sera. Ni ya mtu aliyekuwepo, na ambaye baadaye alianza kusoma ili aelewe ni kitu gani kilitupitia.

Wachache ni akina nani huku kwetu?

Ukisema jamii asilia hapa Kenya, watu huwaza Ogiek wa Mau, Sengwer wa Embobut, Endorois wa Ziwa Bogoria. Hakuna anayewaza Homa Bay wala Migori. Huku si ni kwa Wajaluo tu?

Hapana, wasee. Katiba ya 2010, Ibara ya 260, inapoeleza jamii iliyotengwa haizungumzii wawindaji na wafugaji pekee. Inataja pia jamii ambayo kwa sababu ya uchache wa watu wake imeshindwa kushiriki kikamilifu katika maisha ya taifa. Ibara ya 56 inaitaka serikali iwe na mipango maalumu ya makundi ya wachache na waliotengwa, wapate nafasi katika elimu na uchumi, na wafikiwe na maji, afya na miundomsingi.

Sasa tazama sensa ya 2019. Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6. Waluo walizidi milioni 5. Wakuria, wengi wao wakiwa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, walikuwa 313,854. Wasuba walikuwa 157,787. Sisi ndio tuko Mfangano, Rusinga alikozikwa Tom Mboya, Mbita, Gwassi, na wengine wako Muhuru, upande wa Migori. Babu zetu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda na lugha yao ya Kibantu, Olusuba. Leo UNESCO inaiweka Olusuba kati ya lugha zilizo hatarini. Mimi mwenyewe naielewa ya kusalimia na kuombea chakula. Dani ndiye anayeiota usiku.

Kwa hivyo Msuba humezwa mara mbili. Kwanza lugha inamezwa na Dholuo, halafu yeye mwenyewe anamezwa kwenye jedwali la serikali, ambapo anaonekana kama mkazi mwingine yeyote wa Homa Bay. Na asiyeonekana kwenye jedwali, msaada utamfuata wapi?

Msaada ulikuwepo, usidanganyike

Sitaki kuandika uongo kwamba serikali ilikaa tu. Machi 25, 2020 Rais alitangaza kifurushi cha kwanza. Aliyelipwa mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mapato. VAT ishuke kutoka asilimia 16 hadi 14. Sh10 bilioni zaidi ziende kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Hata kabla ya hapo, ada ya kutuma M-Pesa kwa kiasi kisichozidi Sh1,000 ilikuwa imeondolewa. Baadaye ikaja Kazi Mtaani, na pesa za dharura za Sh1,000 kwa wiki, zikitumwa kwa simu kwa familia zilizotajwa kuwa dhaifu zaidi.

Sasa pandisha kifurushi hicho kwenye boti, kilete Mfangano.

Kodi ya mapato? Mvuvi hana risiti ya mshahara. Kitu ambacho hakikuwahi kukatwa hakiwezi kurudishwa.

Kazi Mtaani? Ilianza Aprili 2020 kwenye mitaa michache ya mabanda, na Julai ikapanuliwa hadi kaunti zote 47, ikilenga vijana zaidi ya 270,000. Malipo ya awamu hiyo yalikuwa Sh455 kwa siku. Wenzangu waliokaa mjini walifyeka nyasi na kuzibua mitaro, na hizo pesa ziliwashikilia. Lakini programu iliundwa kwa ajili ya makazi duni ya mijini. Kijana wa kisiwani, hata akilala njaa, haishi kwenye mtaa wa mabanda kwa maana iliyoandikwa kwenye karatasi.

Ile thao ya kila wiki? Sisi tuliisikia redioni. Programu yenyewe ilidumu takriban miezi minane, Aprili hadi Novemba 2020. Julai 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoangazia mitaa ya mabanda ya Nairobi. Lilisema ni sehemu ndogo tu ya waliohitaji waliopata, kwamba vigezo vya kuchagua havikuwekwa wazi kwa wananchi, na kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikisha waliingiza jamaa na marafiki zao. Hiyo ni Nairobi, ambako mwanahabari anafika kwa boda boda. Visiwani nani angeuliza?

Ikabaki ada ya M-Pesa. Hiyo ilitufaa kweli, nakiri. Lakini ilitufaa kwa sababu kuna jamaa aliyekuwa na mia tano ya kututumia. Serikali ilisafisha njia, pesa zilikuwa za ndugu.

Omena haivuliwi mchana

Kuna jambo ambalo mtu wa bara hawezi kulijua mpaka aambiwe. Omena huvuliwa usiku, tena usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazoelea majini. Samaki hufuata mwanga, wavu unazungushwa. Alfajiri wanawake wanapokea, wanaanika, wafanyabiashara wanakuja kununua.

Machi 27, 2020 kafyu ilianza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni saa zile zile za omena.

Sisemi kafyu ilikuwa mbaya. Virusi havichagui. Ninachosema ni kwamba amri iliandikwa na mtu anayejua kwamba kazi ni mchana na usiku ni starehe. Huku kwetu usiku ndio ofisi. Wavuvi walishinda ufuoni wakiulizana kama boti ikiwa majini iko nje au iko ndani. Baada ya hapo, Aprili 6, ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, isipokuwa mizigo. Lori la samaki lingeweza kupita, lakini yule mama aliyezoea kupanda basi na gunia lake la omena hadi Gikomba hakuwa lori. Zuio hilo lilidumu hadi Julai.

Jioni moja nilimkuta Dani ameketi nje ya nyumba akitazama ziwa lililokuwa giza tupu. Kwa kawaida, msimu kama ule, taa za wavuvi zingekuwa zimetapakaa kama mji.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, "hii serikali imezima ziwa."

Siku Dani Mdogo alipopokea zile pesa za Inua Jamii, alikuja na unga, mafuta ya kupikia na sabuni, akavigawa sawasawa na dadake mkubwa. Kila mara alipopokea, ikawa hivyo hivyo. Sh2,000 iliyopangiwa mzee mmoja ikalisha wazee wawili, wajukuu watano na mimi mwanachuo niliyerudi na begi. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama msaada wa serikali ulimfikia Dani, nitasema ndio, ulimfikia. Ulifikishwa na mdogo wake.

Kuria: ukoo mmoja, serikali mbili

Kuna binamu yangu aliyeolewa Kehancha, na ndiye aliyenifungua macho kwamba hadithi yetu ina pacha wake milimani huko. Kutoka Migori mjini unapanda gari kuelekea Isebania, mpakani. Ng'ambo ni Sirari, na mbele kidogo ni Tarime. Wakuria wako pande zote mbili. Upande wa Kenya wana koo nne kubwa, Abagumbe, Abanyabasi, Abairege na Abakira, na ukivuka utawakuta watu wa koo hizo hizo. Mpaka uliwekwa na wakoloni. Mahari, mazishi na ng'ombe havijawahi kuutambua.

Mei 16, 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa madereva wa mizigo, na hao ilibidi wapimwe kwanza. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya malori. Kwa familia ya shemeji yangu ilikuwa habari ya mama mkwe aliyebaki ng'ambo.

Fikiria sasa. Upande huu kuna kafyu, barakoa na shule zilizofungwa. Upande ule, tangu Mei 2020, serikali iliacha kutangaza takwimu za corona, na Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba nchi imeondokewa na ugonjwa. Juni 29 shule za Tanzania zikafunguliwa. Mtoto wa Kikuria wa Tarime akarudi darasani, na binamu yake wa Isebania akaendelea kukaa nyumbani hadi Oktoba au, kama hakuwa Darasa la Nne, la Nane au Kidato cha Nne, hadi Januari 2021. Watoto wa ukoo mmoja, lugha moja, wakiambiwa mambo mawili tofauti kuhusu kirusi kile kile. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?

Na shule kufungwa kulikuwa na bei nyingine, ambayo wasichana ndio walilipa. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria tangu 2011. Katika Kuria msimu wake umezoeleka kuwa likizo ya Desemba. Mwaka 2020, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, haukungoja Desemba. Kufikia Oktoba picha za wasichana wakipitishwa barabarani kwa nyimbo na zawadi zilikuwa zimesambaa, na mashirika ya Kuria yenyewe yalikuwa yakipiga kelele kwamba waliokatwa ni wengi mno.

Nalitaja hili kwa sababu tukisema msaada tunawaza unga na M-Pesa peke yake. Kwa msichana wa miaka 12 wa Kuria, msaada mkubwa zaidi wa serikali ulikuwa mlango wa shule ulio wazi na mwalimu atakayeuliza mbona fulani hajaonekana tangu Jumatatu. Mlango huo ulipofungwa, na huenda ilikuwa lazima ufungwe, hakuna kilichowekwa mahali pake.

Saa sabini na mbili

Mwaka wa 2021 tulidhani mabaya yamepita. Chanjo za kwanza za AstraZeneca zilikuwa zimetua nchini Machi. Halafu aina mpya ya kirusi, Delta, ikaonekana Kisumu, na Juni Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akazitaja kaunti 13 za ukanda wa ziwa na Magharibi kuwa eneo hatari. Homa Bay na Migori zote zilikuwemo. Kuanzia Juni 18 kafyu yetu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko yasiyo ya chakula wala mifugo yakasimamishwa. Mazishi yafanyike ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50.

Dani Mdogo alifariki Julai hiyo. Alikohoa siku chache, akachoka, akalala. Hakupimwa, kwa hivyo sijui kama alihesabiwa na corona au hakuhesabiwa popote. Huku kwetu mzee kama yeye hulindwa usiku kadhaa, watu wanatoka Migori, Kisumu, hata Mwanza, kuna ng'ombe, kuna nyimbo. Yeye tulimzika siku ya pili. Dani alisimama mbali kidogo na kaburi akiwa amevaa barakoa ya buluu iliyomzidi uso, akaimba wimbo kwa Olusuba peke yake. Waliojua kuitikia hawakuwepo.

Na pamoja naye zikaenda zile Sh2,000. Hakuna aliyekosea. Mpokeaji amefariki, malipo yanakoma. Lakini hesabu ya serikali ilipunguza mzee mmoja, na nyumbani kwetu sahani saba zikapungua chakula.

Sasa tufanyeje?

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, na nchi ikasonga. Mimi nikaanza kublogu kwa simu iliyopasuka kioo. Lakini janga lingine litakuja; 2024 tuliona mpox ikiingia nchini. Tukisubiri lije ndipo tuanze kuandikana majina, tutaachana tena.

Orodha ndiyo msaada. Pesa huja baadaye, zikifuata majina. Kwa hivyo orodha ya wazee, walemavu na familia dhaifu isomwe kwenye baraza, kijiji kwa kijiji, watu waisikie na waipinge papo hapo kama kuna jina la uongo au kuna lililoachwa. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza. Huhitaji kuwa wakili. Unaandika barua, unabaki na nakala.

Pili, amri na misaada vipimwe na maisha ya mahali. Kafyu ya ufuoni ipangwe na kamati za ufuo zinazojua omena inavuliwa lini. Mpaka wa Isebania ukifungwa, wazee wa koo za pande zote mbili waitwe kabla, si baada. Shule za Kuria zikifungwa, kuwe na mtu wa kuzunguka akiwahesabu wasichana.

Tatu, lugha. Mfangano kuna redio ya jamii ya Ekialo Kiona, iliyoanzishwa ili Olusuba isikike hewani. Tangazo la afya likisomwa kwa lugha ya ndani, mzee haulizi tena kama ni la watu wa Nairobi.

Na sisi vijana tuna kazi yetu ndogo. Mwaka wa 2024 usajili mpya wa Inua Jamii ulipofunguliwa, kitambulisho cha Dani kilikuwa hatimaye kimefikisha miaka 72. Nilimpeleka mwenyewe. Alivaa gauni la kanisani. Karani akaitazama kadi, akamtazama yeye, akamuuliza kwa heshima, "Mama, ulizaliwa lini kweli?"

Dani akamjibu, "Nilizaliwa kabla ya mdogo wangu."

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujamaliza bando lako kwenye video, mpigie nyanya yako simu. Mwambie akusomee tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake. Kama hasomi, mtoto wa jirani amsomee. Kisha muulize kama kuna siku yoyote mtu aliwahi kuja kuandika jina lake, na kama aliwahi kulisikia likisomwa.